Nguzo ya Katikati: Maisha ya Mário Coluna, Kiungo wa Benfica na wa Ureno

Wasomaji wapenzi, na ninyi wanafunzi mnaokimbilia uwanjani mara kengele ya mchezo inapolia, tazameni jinsi watoto wanavyogawana nafasi kabla ya kuanza mpira wa miguu. Kila mmoja ataka kusimama mbele, karibu na lango la wapinzani, apate kufunga bao na kusikia jina lake likipigiwa kelele. Wachache wakubali kulinda nyuma. Na katikati? Mara nyingi huwekwa yule asiyejua kukataa. Twadhani ya kuwa katikati ni mahali pa kupitia tu, kama kivuko cha mto, wala si mahali pa kukaa mtu wa heshima.

Leo twapenda kuwasimulia habari za mtu aliyekaa katikati kwa muda wa miaka kumi na sita katika chama kimoja cha mpira, akawa mkubwa kupita wengi waliofunga mabao kumzidi. Jina lake ni Mário Esteves Coluna. Katika lugha ya Kireno neno hili coluna maana yake ni nguzo. Wazazi hawajui mtoto wao atakuwa nani, lakini mara nyingine jina humtangulia mtu njiani na kumngojea.

Kisiwani Inhaca

Coluna alizaliwa tarehe 6 Agosti 1935 katika kisiwa cha Inhaca, kilichopo mbele ya ghuba ya mji ulioitwa wakati ule Lourenço Marques, na ambao tangu mwaka 1976 waitwa Maputo. Nchi ni Msumbiji, iliyokuwa chini ya utawala wa Ureno. Baba yake alikuwa Mreno, mama yake alikuwa mwanamke wa Msumbiji. Kwa hiyo tangu utoto alisimama kati ya watu wa namna mbili, na twaweza kusema kwamba alijifunza mapema kazi ya kuwaunganisha watu wasiofanana.

Hatuna budi kukumbuka hali ya nchi ile. Hadi mwaka 1961 sheria ya Wareno iligawanya watu. Waafrika walio wengi hawakuhesabiwa kuwa raia. Ni wachache tu, waliokubaliwa na serikali baada ya kuchunguzwa lugha yao, kazi yao na namna yao ya kuishi, waliopata haki hiyo. Mchezo wa mpira nao ulikuwa na mipaka yake: kulikuwa na viwanja vya mjini vyenye majani mazuri, na kulikuwa na vichanga vya vitongojini ambapo watoto walicheza miguu mitupu. Wengi wa wale waliokuja kusifiwa Ulaya walianzia mchangani.

Kijana Coluna alikuwa na mwili wenye nguvu. Hakucheza mpira tu. Alishindana pia katika riadha, na hasa katika kuruka juu. Alichezea chama cha Desportivo cha Lourenço Marques, na habari zake zikavuka bahari. Vyama vikubwa vya Ureno vilikuwa na desturi ya kutazama makoloni kama mkulima atazamavyo kitalu chake: mche ukichipuka vizuri, huhamishwa. Katika mwaka 1954 Benfica ya Lisbon ikamchukua, naye alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa.

Mgeni katika Lisbon

Mwaka ule Benfica ilikuwa inageuka. Mwalimu wake mpya, Otto Glória, Mbrazili, alitaka wachezaji waishi kwa taratibu: saa ya kulala, saa ya kula, saa ya mazoezi. Vijana wasio na ndoa waliwekwa pamoja katika nyumba moja ili wasipotee mjini. Na mwezi wa Desemba 1954 chama kilifungua uwanja wake mpya mkubwa, ulioitwa kwa Kireno Estádio da Luz. Coluna alifika basi wakati nyumba ilipokuwa inajengwa, na nguzo ikapatikana mapema.

Alikuja kama mshambuliaji. Lakini mahali pa mbele palikuwa na mtu tayari, José Águas, mzaliwa wa Angola, mfungaji hodari wa mabao kwa kichwa. Kijana mwingine angenuna, angeandika barua nyumbani kulalamika, au angetafuta chama kingine. Coluna alikubali kusogezwa. Kwanza alichezeshwa upande wa kushoto, nyuma kidogo ya washambuliaji. Baadaye, miaka ilivyoendelea, walimu wakamrudisha nyuma zaidi, mpaka akawa mtu wa katikati kabisa.

Msimu wake wa kwanza, 1954–55, Benfica ilitwaa ubingwa wa Ureno na Kombe la Ureno pia. Katika mwaka 1955 aliitwa kuichezea timu ya taifa ya Ureno. Hakuna aliyemwuliza kama yeye ni Mreno. Benfica ilikuwa na sheria yake ya kutowachezesha wageni, na iliishika mpaka miaka ya mwisho ya 1970. Lakini watu wa Msumbiji na wa Angola walihesabiwa kuwa Wareno siku ya mchezo. Ajabu hii tutairudia baadaye, maana ndiyo kiini cha maisha yake.

Kiungo ni nini?

Kiswahili chetu kimempa mchezaji wa katikati jina zuri: kiungo. Katika mwili wa mtu, kiungo ni mahali mifupa ikutanapo. Mkono waweza kuwa na nguvu nyingi, na vidole vikawa na ustadi; lakini kiwiko kikivimba, kazi yote husimama. Tena mama zetu jikoni hutumia neno lilo hilo kwa vitu vinavyoungia mchuzi. Viungo vya mchuzi havionekani katika sahani. Ukivisahau, lakini, kila mtu mezani atajua.

Kazi ya kiungo uwanjani ni hiyo. Apokee mpira kutoka kwa walinzi, atazame, aamue: je, twende upesi au tungoje? Kulia au kushoto? Adui akipita, yeye ndiye wa kwanza kumzuia. Mwenzake akichoka, yeye akimbie mahali pa wawili. Yampasa kuwa na mapafu ya mpagazi na macho ya mlinzi wa usiku.

Coluna alikuwa navyo vyote viwili. Watu waliomwona wasema alitembea uwanjani kama mwenye shamba, bila haraka, kichwa juu. Mpira ukimfikia, hakuupapatikia. Mguu wake wa kushoto uliweza kupiga kutoka mbali kwa nguvu ya kutisha, na mara kwa mara alifunga mabao walinda lango wasiyoyatazamia. Na jambo jingine: hakupiga kelele. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wasema wazee. Neno moja la Coluna, au hata jicho lake tu, lilimrudisha mahali pake mchezaji aliyekuwa amepotea. Wareno walimpa jina la utani lenye maana ya Jitu Takatifu: jitu kwa nguvu zake, na takatifu kwa sababu hakuna aliyethubutu kumgusa kwa maneno.

Bern, 1961

Kombe la mabingwa wa Ulaya lilianzishwa mwaka 1955, na kwa miaka mitano ya kwanza mfululizo lilichukuliwa na timu moja tu, Real Madrid ya Hispania. Watu walianza kudhani kwamba kombe lile ni mali yao. Mwaka wa sita Barcelona iliitoa Real Madrid mapema, ikafika fainali. Na upande wa pili ikafika Benfica, ikiongozwa na Béla Guttmann, mwalimu Mhungaria mwenye maneno makali na akili nyingi.

Tarehe 31 Mei 1961, mjini Bern katika Uswisi, Barcelona ilifunga kwanza. Benfica ikasawazisha kwa bao la Águas, na muda mfupi baadaye mlinda lango wa Barcelona akauingiza mpira langoni mwake mwenyewe. Kipindi cha pili kilipoanza, ndipo alipotokea mtu wa katikati. Mpira uliondolewa na walinzi ukatoka nje ya eneo la hatari. Coluna, aliyekuwa akingoja nyuma kama ilivyo kazi yake, aliupiga kabla haujatulia chini. Bao la tatu. Barcelona walifunga la pili, wakagonga miti ya lango mara kwa mara, lakini mchezo ukaisha 3 kwa 2.

Yafaa kutazama orodha ya washindi wale. Mlinda lango Costa Pereira alizaliwa Msumbiji. Kapiteni Águas na mwenzake Santana walizaliwa Angola, nchi jirani yetu. Coluna alikuwa wa Inhaca. Wanne kati ya kumi na mmoja walizaliwa katika ardhi ya Afrika, wengine wana wa walowezi, wengine wana wa mama wa Kiafrika. Kombe la Ulaya lilipoondoka Hispania kwa mara ya kwanza, lilibebwa pia na mikono ya namna hii.

Barua ya mama

Miezi michache kabla ya siku ile, mwezi wa Desemba 1960, kijana mmoja wa miaka kumi na minane alifika Lisbon kutoka Lourenço Marques. Jina lake Eusébio. Baba yake alikuwa amekufa zamani. Mama yake alimlea kwa taabu katika kitongoji cha Mafalala. Mama huyo hakuwa na mtu wa kumkabidhi mtoto katika mji ule wa mbali, ila mmoja. Alituma barua kwa Coluna, akamwomba amtunze mwanawe.

Wasomaji wapenzi, ninyi mlio wazazi mwajua uzito wa barua kama hiyo. Coluna alikuwa na umri wa miaka ishirini na mitano tu, lakini aliupokea mzigo ule. Akawa kwa kijana kama kaka mkubwa, tena kama baba: kumwongoza katika mji, kumfundisha kutunza fedha, kumwambia nani wa kusikiliza na nani wa kumkwepa. Eusébio naye, ambaye baadaye alijulikana duniani kote, hakuacha kumwita Bwana Coluna. Umaarufu wake ulimpita mlezi wake mbali sana. Heshima haikupungua hata siku moja.

Tendo dogo latuonyesha jambo hili. Tarehe 2 Mei 1962, mjini Amsterdam, Benfica ilikuwa tena katika fainali, safari hii mbele ya Real Madrid wenyewe. Puskás, Mhungaria mwenye mguu wa kushoto wa ajabu, alifunga mabao matatu katika kipindi cha kwanza peke yake. Benfica ilikwenda kupumzika ikiwa nyuma, 3 kwa 2. Baada ya mapumziko Coluna akapiga mpira wa mbali, ukaingia: 3 kwa 3. Kisha Benfica ikapewa penalti. Mpigaji wa penalti alikuwa Coluna. Husimuliwa kwamba Eusébio alimwendea kwa adabu na kumwomba ruhusa apige yeye. Kombe la Ulaya lilikuwa juu ya mpira ule mmoja, na mwenye haki ya kuupiga alikuwa mkubwa. Coluna akamwachia. Kijana akafunga, na dakika tatu baadaye akafunga tena. Benfica 5, Real Madrid 3.

Twauliza: nani alishinda siku ile? Magazeti yote yaliandika jina la Eusébio, na kwa haki. Lakini mkubwa aliyetoa nafasi yake kwa mdogo bila wivu alifanya jambo ambalo si kila mkubwa awezalo, uwanjani au nyumbani.

Fainali tatu za machozi

Ingekuwa vizuri kama habari ingeishia Amsterdam. Lakini maisha hayaendi hivyo, na wanafunzi yawapasa kujua upande wa pili. Baada ya Guttmann kuondoka mwaka 1962, Benfica ilifika fainali ya kombe lile mara tatu tena katika miaka sita, na mara zote tatu ilishindwa. Águas alipomaliza wakati wake, Coluna akawa kapiteni. Basi furaha mbili alizipata kama mchezaji wa kawaida. Huzuni tatu alizibeba akiwa kiongozi.

Mwaka 1963, mjini London katika uwanja wa Wembley, Eusébio aliifungia Benfica bao la kwanza dhidi ya Milan ya Italia. Kisha Coluna akachezewa vibaya na mpinzani, akaumizwa mguu. Siku zile hapakuwa na ruhusa ya kumwingiza mchezaji mwingine badala ya aliyeumia. Nguzo ilipopasuka, nyumba ikayumba: Altafini wa Milan akafunga mara mbili, mchezo ukaisha 2 kwa 1.

Mwaka 1965 walicheza na Inter mjini Milano, katika uwanja wa nyumbani kwa hao wapinzani. Walifungwa bao moja. Mlinda lango wao akaumia, na kwa sheria ile ile mlinzi Germano akalazimika kusimama langoni. Wachezaji kumi tu waliendelea, wala Inter hawakuweza kufunga tena. Mwaka 1968, tena Wembley, walitoka sare ya 1 kwa 1 na Manchester United katika dakika tisini. Muda ulipoongezwa wakafungwa mabao matatu. Coluna alikuwa karibu kutimiza miaka thelathini na mitatu.

Kucheza fainali tano za Kombe la Ulaya ni jambo ambalo wachezaji wachache sana wamelifikia. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Na nyumbani Ureno Benfica iliendelea kutawala: Coluna alitwaa ubingwa wa nchi mara kumi, na alicheza kwa ajili ya Benfica zaidi ya mara mia tano katika mashindano rasmi, akifunga mabao zaidi ya mia moja.

Kiangazi cha Uingereza, 1966

Tufike sasa katika Kombe la Dunia la mwaka 1966. Nchi za Afrika hazikuwako. Sababu yake yafaa kukumbukwa: wakuu wa mpira wa dunia waliamua kwamba Afrika, Asia na Australia kwa pamoja zigombanie nafasi moja tu. Shirikisho la Afrika liliona hiyo ni dharau, likakataa kushiriki. Kwa njia hiyo Korea ya Kaskazini ilipata nafasi baada ya kuishinda Australia. Na kukataa kule hakukuwa bure: kwa Kombe la mwaka 1970 Afrika ilipewa nafasi yake yenyewe, ambayo Moroko iliipata, na mwaka 1974 ikafika nchi yetu, iliyoitwa wakati ule Zaire.

Lakini mwaka 1966, wakati Afrika imebaki nje ya mlango, kapiteni wa Ureno aliyeingia uwanjani Uingereza akiwa mbele ya wenzake alikuwa mwana wa Inhaca. Pamoja naye walikuwa wengine watatu wa Msumbiji: Eusébio, Hilário na Vicente. Hii ilikuwa mara ya kwanza kwa Ureno kufika katika Kombe la Dunia.

Waliishinda Hungaria 3 kwa 1, Bulgaria 3 kwa 0, na Brazili, bingwa wa dunia, 3 kwa 1. Hatutaficha kwamba katika mchezo huo wa tatu mlinzi mmoja wa Ureno alimpiga Pelé mateke mpaka akaumia. Ushindi ule una doa. Kisha tarehe 23 Julai, mjini Liverpool, wakakutana na Korea ya Kaskazini. Kabla ya nusu saa kwisha, Wakorea, watu wafupi wenye mbio zisizokwisha, walikuwa wamefunga mabao matatu kwa sifuri.

Katika saa kama hiyo ndipo timu humtazama kapiteni. Akiinamisha kichwa, yote yamekwisha. Coluna hakuwa mtu wa kuinamisha kichwa. Mpira uliendelea kupitia kwake, kwa utaratibu, kana kwamba hakuna lililotokea. Eusébio akafunga moja, mbili, tatu, nne; José Augusto akaongeza la tano. Ureno 5, Korea 3. Katika nusu fainali, tarehe 26 Julai, walishindwa na Uingereza 2 kwa 1, nao Waingereza wakawa mabingwa. Siku mbili baadaye Ureno iliifunga Urusi ya Kisovieti 2 kwa 1, ikapata nafasi ya tatu. Hadi leo Ureno haijapata nafasi ya juu zaidi katika Kombe la Dunia.

Swali gumu

Sasa turudi kwa lile tuliloahidi. Vita vya ukombozi vilikwisha kuanza Angola mwaka 1961, Guinea mwaka 1963, na Msumbiji mwezi wa Septemba 1964. Kapiteni alipokuwa akibeba bendera ya Ureno Uingereza, nyumbani kwake vijana wa Frelimo walikuwa msituni wakipigana na askari wa bendera ile ile. Serikali ya Lisbon ilifurahi kuwaonyesha watu wa dunia wachezaji wake weusi. Ilisema: tazameni, sisi si watawala wa makoloni, sisi ni nchi moja yenye rangi nyingi. Mabao ya Wamsumbiji yalitumiwa kufunika kazi za shuruti za Wamsumbiji wengine.

Je, tumlaumu Coluna? Wengine wamelaumu. Wasema alipaswa kukataa. Wengine hujibu kwamba alikuwa mfanyakazi kama mfanyakazi mwingine, na kwamba mchezaji katika nchi ile isiyoruhusu maneno hakuwa na mdomo. Sisi twaona kwamba pande zote mbili zasahau jambo moja. Mtoto wa Mafalala aliyesikia redioni kwamba kapiteni wa Wareno ni mtu wa kwao hakujifunza kuipenda serikali ya Lisbon. Alijifunza jambo jingine, la hatari kwa serikali hiyo: kwamba mwana wa Msumbiji aweza kuamuru, na Mreno akatii. Watawala walidhani wanaonyesha ukarimu wao, kumbe walikuwa wakionyesha uongo wao. Maana kama mtu huyu afaa kuongoza watu kumi na mmoja mbele ya ulimwengu, kwa nini ndugu zake hawafai kuongoza nchi yao?

Hata hivyo swali lenyewe hawezi kulijibu mwandishi. Mwenye kulijibu ni Coluna mwenyewe, naye alilijibu si kwa maneno bali kwa miguu.

Mtu na kwao

Mwaka 1968 alicheza mara ya mwisho katika timu ya taifa, akiwa ameichezea Ureno mara 57. Mwaka 1970 aliondoka Benfica, akaenda Ufaransa kuchezea Olympique Lyonnais msimu mmoja, kisha akarudi Ureno katika chama kidogo cha Portalegre, ambako alikuwa mchezaji na mwalimu pamoja. Aliyecheza Wembley na Amsterdam hakuona aibu kumaliza kazi yake mahali padogo.

Tarehe 25 Aprili 1974 serikali ya zamani ya Ureno ilipinduliwa, na tarehe 25 Juni 1975 Msumbiji ikapata uhuru. Wareno wengi, na Wamsumbiji wengine pamoja nao, waliondoka kwenda Lisbon. Mitaa mizima ilibaki mitupu. Eusébio alifanya makao yake Ureno mpaka kufa kwake, wala hatumlaumu. Lakini Coluna, aliyekuwa na kila sababu ya kuzeeka kwa raha katika mji uliompenda, alifuata njia iliyoelekea upande mwingine. Alirudi Msumbiji, nchi maskini iliyokuwa inaingia katika taabu kubwa, maana vita vya wenyewe kwa wenyewe viliidumu mpaka mwaka 1992. Huko akatumikia mpira wa nyumbani, hata akawa mkuu wa shirikisho la mpira wa Msumbiji.

Methali yetu yasema: mcheza kwao hutunzwa. Coluna alicheza kwa wengine karibu maisha yake yote ya ujana, akatunzwa na wengine. Lakini uzee wake, akili yake na jina lake alivileta kwao.

Tarehe 5 Januari 2014 Eusébio alifariki Lisbon. Wiki saba tu baadaye, tarehe 25 Februari 2014, Mário Coluna alifariki mjini Maputo, ana umri wa miaka 78, mbele ya ghuba ile ile ambayo ng'ambo yake kipo kisiwa cha Inhaca. Mdogo alitangulia, mkubwa akafuata, kana kwamba barua ile ya mama ilikuwa bado haijatimizwa yote.

Neno kwa wanafunzi

Kesho mtagawana nafasi tena uwanjani. Kutakuwa na ugomvi juu ya nani asimame mbele. Mkumbukeni mtu wa Inhaca. Alisogezwa nyuma mara mbili, wala hakununa. Alipewa mtoto wa mwenzake amlee, wala hakukataa. Alikuwa na haki ya kupiga penalti, akaitoa. Alifungwa mabao matatu, akainua kichwa. Na walipomwuliza, bila kumwuliza, nchi yake ni ipi, alirudi nyumbani.

Nyumba ikijengwa, watu husifu paa na kupaka rangi mlango. Nguzo ya katikati hakuna aisifuye, mpaka siku ya dhoruba.